Diski Aliyosema Imekufa

Laptop yangu ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha asubuhi, ungeweza kukama ng'ombe, kuchemsha chai na kuinywa, urudi uikute bado inazungusha kile kiduara chake. Ningeivumilia, lakini diski yake ilianza kugonga, dalili kwamba inakufa, na ndani ya diski hiyo alikuwamo mama. Katika mwaka wake wa mwisho nilimrekodi video kadhaa jikoni kwetu Ndanai, akisimulia jinsi alivyochuma chai ya watu kabla ya kupanda yake. Nakala nyingine sikuwa nayo. Mimi, mwalimu wa kompyuta, ninayewahubiria wanafunzi kila muhula kuhusu nakala.

Dawa ilikuwa kuweka SSD, ile diski mpya isiyozunguka, na kuhamishia humo kila kitu. Kufundisha kompyuta ni jambo moja na kuifungua ni jingine. Mimi na bisibisi hatupatani. Kwa hiyo nikaenda Kericho. Nilipita maduka mawili ya maana, ambako wanakuandikia kila unachoacha, nikaingia kwa bakule wangu.

Bakule ni mtu mliyetahiriwa pamoja naye. Sisi wawili tulikaa chumba kimoja mpaka vidonda vikapona. Mtu kama huyo humwombi risiti. Ukimwambia akuonyeshe alichotoa kwenye mashine yako, umemwita mwizi, na habari itafika nyumbani kabla yako.

"Bakule, wacha hapa. Kuja saa tisa," akaniambia.

Saa tisa laptop iliwaka kabla sijavuta kiti. Mitihani yangu ilikuwepo, barua zilikuwepo. Video za mama hazikuwepo.

"Hiyo diski ya zamani imekufia kwa mkono yangu," akasema, macho chini. "Nilikuwa nimekopi kidogo tu. Ikagonga, ikaenda."

Jinsi alivyonyong'onyea, mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimpeleka hotelini, nikamnunulia chai na chapati mbili, nikamwambia asijilaumu. Hata kuiona hiyo diski sikuomba. Nikizikumbuka zile chapati, hadi leo napandwa na hasira.

Wiki kadhaa baadaye, mwalimu mwenzangu wa hesabu alileta shuleni diski ya nje aliyonunua Kericho, imejaa filamu. Akaichomeka kwenye kompyuta, akanigeukia.

"Mwalimu, hizi si ni mitihani zako?"

Zilikuwa zangu, na diski ilikuwa ile yangu ya zamani, imevikwa kasha jipya. Mitihani, barua, hata ombi la uhamisho nililoandika kwa siri. Faili ndogo ndogo ziliachwa. Zile kubwa zilifutwa ili filamu zipate nafasi. Sikuhitaji kuuliza ameuziwa na nani, lakini niliuliza. Aliniachia diski siku mbili nijaribu kurudisha yaliyofutwa. Kila mahali alipokuwa mama, sasa palikuwa na watu wakipigana karate.

Jumamosi nikarudi Kericho. Bakule hakukana.

"Lakini bakule, zilikuwa tu video za mama akiongea kwa jikoni. Nilidhani uko nazo kwa simu."

"Kwa hivyo diski haikufa."

"Ilikuwa inasumbua."

"Uliziangalia?"

"Moja tu. Ile ya mwisho, penye ananitaja mimi. Nilicheka sana."

Ile ya mwisho mimi sikuwahi kuifungua. Siku ile nilimwachia mama laptop ikirekodi, nikaenda kupeleka maziwa, na niliporudi akaniambia ameshamaliza. Tangu mazishi nilikuwa nimejiwekea hiyo moja. Nilijua kwamba maadamu sijaifungua, mama bado ana jambo la kuniambia.

Matusi niliyoyapanga njia nzima kutoka Ndanai yalinipotea. Nilisimama mbele ya mtu aliyeniibia, nikamwomba kama maskini aniambie mama alisema nini.

Alikuna kichwa, akafikiri. Mteja aliingia na simu iliyopasuka kioo, bakule akanyoosha mkono kuipokea.

"Alisema mambo mingi, bakule," akasema. "Sikushika."