Nyota Mbili

Wakunga wadogo walimwita Bibi Nyota, na wala si kwa kung'aa. Daftari lake la jalada gumu, ambalo kwa miaka thelathini na moja halikubanduka mfukoni mwa koti lake jeupe, lilijaa nyota za kalamu. Nyota moja: kumbuka. Nyota mbili kila upande wa neno: acha kila kitu, mwite daktari. Hatua za kazi alizipanga kwa vistari, kimoja chini ya kingine, basi. Hakuna aliyemfundisha. Mtu anayepokea mtoto kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine hana nafasi ya mapambo.

Miezi miwili kabla hajastaafu, mganga mkuu aliomba daftari hilo liingizwe kwenye kompyuta ya wodi, ili wakunga walisome na kulirekebisha wenyewe. Bibi Nyota alifurahi hadi akaona haya. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Cha kuacha nyuma alikuwa nacho hicho tu. Akampigia simu binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye akili nyingi na subira kiduchu.

Fundi akamtengenezea mpango mzuri, mzuri kupita kiasi. Kila kitu kilikuwa na alama ya kufungua na alama ya kufunga. Ukitaka neno litoke kwa herufi nzito, unaandika kibano, ile alama yenye ncha kama mwiba, "nzito", kibano, ndipo neno lako, kisha kibano, kistari cha mshazari, "nzito" tena, kibano. Kila hatua ilikuwa na vibano vyake, orodha ya hatua na vyake, ukurasa mzima na vyake, kama mtu aliyevaa makoti manne kwenda msalani.

"Shangazi, ukifungua lazima ufunge," fundi alionya.

"Nimefunga vitovu maelfu, mwanangu. Nitashindwa na vibano?"

Akashindwa. Wiki tatu alichapa kwa vidole viwili kwenye chumba cha zamu, ulimi nje, akatoa kurasa kumi na nne. Kibaya zaidi, akitaka kusahihisha sentensi yake mwenyewe alikuwa haioni. Imezama kwenye miiba ile.

Mchana mmoja mkunga mpya, mpole asiyeongea mpaka aulizwe, alifungua ukurasa wa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Bibi Nyota alikuwa amesahau kufunga mahali pamoja tu. Kuanzia hapo mpaka maelezo ya kumwogesha mtoto, herufi zote zilikuwa nzito, nyeusi tii.

"Bibi, hapa kila kitu ni hatari," mkunga alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nianze na lipi?"

Swali lile lilimchoma. Jioni alilibwaga daftari mezani mbele ya fundi.

"Nimenawa mikono. Nitastaafu na daftari langu."

"Basi nitakuchapia mimi, Shangazi."

"Na siku mimi na wewe hatupo, atarekebisha nani?"

Fundi alisogeza kiti. Akaanza kufunua daftari ambalo, aibu iliyoje, hakuwahi kulifungua hata siku moja. Akaona nyota. Akaona vistari. Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Shangazi, kumbe umeshaandika!"

Kuna namna nyingine, akaeleza, ambayo kompyuta inaielewa vilevile. Neno likizungushiwa nyota mbili huku na huku, inalikoza. Mstari ukianza na kistari, inajua hiyo ni orodha. "Niliiruka kwa sababu ile ndefu ina uwezo zaidi. Inaweka rangi, majedwali, picha pembeni."

"Uwezo wa nani?" Bibi Nyota aliuliza.

Fundi alilitafakari swali hilo kuliko alivyotaka kuonyesha. Aliyebuni namna hii fupi lazima aliwatazama watu wanavyoandika wakiwa na haraka, akaitaka mashine ndiyo ijifunze. Yeye alikuwa amemtaka shangazi yake ajifunze umashine.

Siku nne zilitosha. Daftari zima liliingia kama lilivyokuwa, nyota kwa nyota, na Bibi Nyota akastaafu Ijumaa na shada la maua mkononi.

Miezi mitano baadaye alipita wodini kusalimia, akakaa kwenye kompyuta "kuchungulia tu". Kwenye ukurasa wa kutokwa damu, chini ya hatua yake ya mwisho, palikuwa na mstari usio wake. Wivu ulimpanda. Nani kagusa? Mstari ulianza na kistari, umezungushiwa nyota mbili mbili: Mzazi akisema anahisi anakufa, mwamini.

Mkunga mpole alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Samahani, Bibi. Niliona hilo halimo. Nimekosea?"

Bibi Nyota aliusoma tena. Alilijua hilo tangu mwaka wake wa pili kazini, tangu mama mmoja alipomwambia maneno hayohayo naye akamjibu atulie, aache woga. Yule mama hakuiona asubuhi.

"Hujakosea, mwanangu," alisema, machozi yakimtoka bila kuyaficha. "Hilo nililijua siku zote. Sikuthubutu kuliandika."