Mkaguzi wa Breki na Faili Lake

Wiki hii nilimkuta mzee mmoja wa Gungu amepeleka kukaguliwa gari la marehemu baba yake, alilolifufua ili Jumamosi limpeleke binti yake Ujiji kuolewa. Paipu za breki zilikuwa mpya zote, ila hazijaonja mteremko.

"Shuka nalo, mzee, ufunge breki hapa nilipo," mkaguzi aliagiza kutoka chini ya mteremko.

"Panda basi tushuke wote, mwanangu."

"Hapana, mzee. Mimi nakagua kwa macho."

Gari likashuka kwa kasi. Mkaguzi akarukia mtaroni, akaziba uso kwa faili. Gari likasimama kimya, shubiri moja tu kabla ya pale alipokuwa amesimama. Binti, aliyekuwa akitazama nasi kando ya barabara, akapiga vigelegele, sote tukashusha pumzi.

"Nimeona! Limepita!" ilisema sauti nyuma ya faili.

Sijawahi kufurahia namna ile ukaguzi usiofanyika.