Ng'ombe Niliowarudisha Ndooni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kitabu wala chaki. Mwinjilisti wa mtaa wetu hapa Karatu alinikabidhi ndoo ya bati, imejaa udongo wa mfinyanzi uliofunikwa kwa gunia bichi. "Mwalimu Paskalina," aliniita, nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo mwalimu, maana sikuwa nimezoea. "Watoto wa Jumapili ni wengi na karatasi hakuna. Mungu mwenyewe alianza na udongo. Na wewe anza hapo."

Basi nikaanza hapo, na sikuiacha ile ndoo hata nilipostaafu.

Ninyi walimu vijana mnaonisoma mna kalamu za rangi na video za uumbaji kwenye simu. Siwaonei wivu, au nawaonea kidogo tu. Sisi rangi tulizitafuta wenyewe. Nyeusi ilikuwa mkaa uliosagwa, kijani majani ya maharage yaliyopondwa, njano ni bizari ya jikoni, na nyekundu ya Karatu haitafutwi, inaingia yenyewe na viatu. Kwa picha za kubandika, watoto wa vibarua wa mashamba ya kahawa walileta maganda ya kahawa, na watoto wa wakulima wakaleta punje za mahindi. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Ubaya wake ni kwamba panya nao waliupenda. Jumapili moja tulikuta siku ya nne ya uumbaji yote imeliwa, jua, mwezi na nyota.

Udongo ulikuwa na utaratibu wake. Kwanza kukanda, yaani kuupiga na kuukunja kama unga wa chapati mpaka hewa itoke, la sivyo kazi yako itapasuka ikikauka. Halafu kufinyanga. Mwisho kurudisha: kipindi kikiisha, kila mtoto alitumbukiza mnyama wake ndooni, tukamwaga maji, tukaukanda upya kwa ajili ya Jumapili inayofuata. Hapo Mwinjilisti hakuwa na mchezo. "Udongo mzuri unatoka mbali," alisema. "Hautupwi, unarudishwa." Watoto wa Karatu walipenda kurudisha kuliko kufinyanga. Tembo aliyewachukua saa nzima walimminya kwa shangwe mpaka mkonga ukatokea upande wa mkia. Nami niliwaambia kwamba sote tulitoka mavumbini na mavumbini tutarudi, nikajiona mwalimu hodari.

Baada ya miaka kadhaa, Mkuu wa Kazi za Watoto, mama mrefu asiyecheka mpaka ripoti iwe imesainiwa, alinihamishia Malambo.

"Watoto wa huko hawajawahi kushika kalamu ya rangi," aliniambia.

"Na mimi sina ya kuwapa, Mama."

"Basi mtaelewana."

Nilisafiri juu ya lori la mahindi, tukapita ukingo wa Kreta, lile shimo kubwa la volkano, kwenye ukungu, tukateremka nyandani kwenye vumbi. Mvua ilikuwa imekosekana kwa muda mrefu. Kando ya njia niliona mizoga ya ng'ombe, mingine imebaki ngozi na mbavu. Niliiona, nikasikitika, nikajifunika khanga usoni kwa sababu ya harufu. Sikufikiri kwamba nitaikuta tena darasani.

Darasa langu lilikuwa ndani ya kanisa la udongo na bati. Wadogo walijua Kimaasai tu, kwa hiyo mkalimani wangu alikuwa Nasieku, binti wa miaka minane hivi aliyekuwa amekishika Kiswahili cha shule kuliko wenzake. Tulipofika siku ya sita, ya kuumbwa wanyama, nikagawa udongo. Nilitegemea tembo na twiga. Wote walifinyanga ng'ombe. Nasieku alifinyanga kundi zima, kila mmoja na nundu yake na pembe zake, mmoja akampaka mkaa, mwingine majivu. Alikuwa akinong'ona anapofanya kazi. Nilidhani anaimba.

Kipindi kikaisha, nikapita na ndoo kama kawaida yangu. Nilipofika kwa Nasieku nikawazoa ng'ombe wake kwa mikono miwili, nikawatumbukiza, nikamwaga maji, nikaanza kukanda huku nikitabasamu, nikisubiri shangwe.

Hakuna aliyecheka. Nilipoinua uso, watoto wote walikuwa wamesimama wakitazama mikono yangu.

"Mwalimu," Nasieku aliuliza taratibu, "na ng'ombe wa baba, Mungu amewarudisha ndooni?"

Nilijibu kitu kuhusu mapenzi ya Mungu. Maneno yalikuwa mepesi, nikayasikia mwenyewe yakianguka. Akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja, na nyingine hakuja. Nilibaki bila mkalimani, lakini si hilo lililoninyima usingizi. Nilikuwa nimetumwa kumwonyesha mtoto yule kwamba Mungu anakipenda alichokiumba, na mikono yangu ilikuwa imemwonyesha kinyume chake.

Nilimweleza Mchungaji wa pale, nikamwomba amwite. Akakataa. "Usimwite," alisema. "Mfuate."

Nikaenda bomani kwao na ndoo yangu. Bibi yake alinipokea vizuri, lakini Nasieku alibaki nyuma yake. Kwao mtoto humwinamishia mtu mzima kichwa ili aguswe utosini, ndiyo salamu. Siku hiyo hakuniinamishia.

"Ile ilikuwa ng'ombe ya mwanangu," bibi aliniambia. "Imekwisha yote na ukame. Mtoto akishaita ng'ombe jina, mwalimu, hiyo si udongo tena."

Ndipo nikaelewa kwamba Nasieku alipokuwa akinong'ona darasani, alikuwa akiwaita ng'ombe kwa majina.

"Nimekosa, mama," nilisema. "Sikuja kufundisha leo. Naomba Nasieku anifundishe." Nikakaa chini, nikaanza kukanda, sijui kama atakuja.

Alichungulia kutoka nyuma ya bibi yake. Kisha akasogea. "Narok alikuwa mweusi," alisema. "Pembe yake ya kushoto imeinama."

Nikafinyanga.

"Hiyo ni mbuzi, Mwalimu."

Bibi akacheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikacheka kwa shukrani. Tuliwafinyanga wote, mmoja mmoja, kwa majina yao, tukawapanga juani. Nilipoaga, Nasieku alimchukua Narok akanipa. "Huyu kaa naye wewe. Wewe ndiye uliyemvunja." Halafu akainamisha kichwa. Nilimgusa utosini huku nalia, na sioni aibu kuliandika.

Tangu hapo sikurudisha tena kazi ya mtoto bila ruhusa yake. Nilipohamishiwa Wasso, Mkuu alikuja kukagua akakuta madirisha yote yamejaa wanyama. "Mwalimu, udongo wako unakwenda wapi?" Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na lile swali ulimjibu nini?"

"Bado sijajibu, Mama."

Akafunika kalamu yake. "Usiharakishe," alisema.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Karatu, na Narok amesimama kwenye dirisha la sebule. Hakuchomwa motoni, alikaushwa kwa jua tu, kwa hiyo maji ndiyo adui yake. Wajukuu wangu wamekwisha kujua: atakayemsogelea na kitambaa kibichi atanijua mimi ni nani.

Majuzi Nasieku alipita, mama mtu mzima sasa, ameshika mkono wa binti yake. Kabla hata ya kukaa aliuliza, "Yupo?"

"Yupo."

Binti akainamisha kichwa, nikamgusa. Nilimwambia Nasieku kwamba swali lake nimezeeka nalo, na jibu sijalipata.

"Mimi niliacha kuuliza siku ile ulipokaa chini," alisema.

Akamtoa Narok dirishani. Alikuwa na vumbi mgongoni. Sikuwa na haja ya kumwonya habari ya kitambaa. Alimweka kwenye kiganja, akampulizia taratibu mpaka weusi wake ukaonekana, akamwambia binti yake jina lake. Mtoto akalirudia. Kisha binti huyo akanitazama mimi, akauliza kama udongo bado upo, nami nikaenda kuifuata ndoo.