Maji ya Damu ya Mama Néhémie

Ukifika Juru, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukauliza Pascaline anakaa wapi, utazunguka mpaka miguu ichoke, maana hakuna anayemwita hivyo. Uliza Mama Néhémie. Utaonyeshwa mwanamke mfupi, mwenye shamba la maharagwe lisilo na gugu hata moja na mdomo usiomwogopa mtu. Mimi ni Cansilde, Mrundi, jirani yake. Nimegombana naye mara nyingi kuliko nilivyogombana na mume wangu, na nampenda. Nayasimulia haya nikiwa na hasira, kwa hiyo msitegemee maneno laini.

Néhémie hakutoka tumboni mwake. Dada yake alijifungua wakiwa njiani wanakimbia vita kule Kivu ya Kusini, akafa kabla hajamnyonyesha. Katika ukoo wao mtoto wa namna hiyo hatafutiwi mlezi, anapewa mama. Bibi yao alimlaza Pascaline kwenye mkeka kama mzazi, akamfunga tumbo kwa kitenge, akamnywesha uji wa mzazi, kisha akamwekea kichanga kifuani. Tangu siku hiyo ikawa mwiko kutamka kwamba hakumzaa. Wao wanasema anayetamka anamfukuza mtoto duniani, na mtoto akiwa mgonjwa, ndiyo usijaribu kabisa. Néhémie mwenyewe alijua. Sisi majirani tulijua. Wote tulifunga midomo, na Pascaline hakuwahi kushika mimba maishani mwake.

Ule mwaka wa pili wa korona, ugonjwa ulimpata yeye kwanza, na mume wangu Salvator naye. Walilazwa wodi moja, wakapona wote wawili. Pascaline alirudi amekonda, akaonja maharagwe niliyompelekea, akasema hayana chumvi. Nikajua amepona kweli.

Miezi miwili baadaye ikawa zamu ya Néhémie. Alikuwa kijana mwenye nguvu, anapeleka mahindi Isingiro kwa baiskeli huku akiimba, na sauti yenyewe ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe. Ghafla hata kuvuka uwanja kwenda chooni hakuweza. Ambulansi ikampeleka Mbarara, nami nikapanda pamoja na mama yake, maana mtu hamwachi mwenzake aende hospitali peke yake.

Daktari alituambia kuna kitu wanakijaribu. Aliyepona anaweza kutoa plazma, yaani maji ya damu, ambayo yana kinga ya ugonjwa ule, kisha mgonjwa anawekewa. Hakuahidi kitu. Wakampima Pascaline, damu yake ikaonekana inamfaa Néhémie. Hapo hapo alikunja mkono wa blauzi. Nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Juru.

Nesi alikuja na maswali. Alikuwa Mnyankole, mwenyeji wa huko, Kiswahili chake cha kubahatisha, amechoka hadi macho mekundu.

"Mama, wewe mwenyewe zamani nabeba mimba?"

"Ndiyo," Pascaline akajibu.

"Ngapi?"

"Moja. Ni ule mwenye kulala mule, na mupira mu mapua."

Nesi akaweka sindano chini. "Pole, mama. Mama mwenye nabeba mimba sisi hapana chukua damu yake. Tafuta mwanaume mwenye nakuwa mgonjwa na napona."

Akaondoka, maana wodi nzima ilikuwa inamwita. Sababu hakutoa. Sasa niambieni, angejibu nini mwanamke huyu? Aseme mbele ya mlango wa mwanawe, mwanawe anatafuta pumzi, kwamba si wake? Hata mimi Mrundi, ambaye mwiko huo si wangu, nisingethubutu.

Pascaline alidhani ni dharau. "Banakataa damu ya mukimbizi!" akafoka mpaka walinzi wakageuka. Kisha hasira ikamwisha, akanishika mkono. "Cansilde, Salvator alipona. Umuite, dada yangu. Umuite sasa hivi."

Nilimpigia simu. Salvator hakuuliza maswali, alitoka shambani na matope miguuni, akapanda baiskeli. Lakini barabara zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa. Kizuizini askari wa kambi ya jeshi ya Makenke wakamsimamisha. "Wewe nakwenda wapi? Barabara nafungwa, rudi nyumbani." Akawaeleza habari ya damu, wakadhani anawachezea. Ni kesho yake tu ndipo mkubwa wao mmoja aliyefika pale alimsikiliza, akampakia kwenye lori lao.

Alipoingia geti la hospitali mchana, Néhémie alikuwa amekufa tangu alfajiri.

Pascaline hakulia. Alikaa kwenye benchi, ameshika kandambili za kijana. Daktari akaja kukaa nasi, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alitaka kueleza kila kitu. Akasema kwamba mimba huweza kuacha kitu katika damu ya mwanamke, na kitu hicho kinaweza kuharibu mapafu ya mgonjwa anayewekewa. Ndiyo maana waliozaa hawatoi.

"Na mwenye hakubebaka mimba?" Pascaline akauliza.

"Huyo anaweza kutoa, mama."

Nilitamani daktari yule ateguke ulimi. Akaendelea kusema kwamba hata hivyo wengi wamewekewa na hawakupona, kwamba Néhémie alikuwa amezidiwa, kwamba labda isingesaidia. Najua alisema kweli. Lakini labda ni kitu kibaya sana kumpa mama aende nacho nyumbani.

Wakamwomba Salvator, kwa kuwa ameshafika, atoe kwa ajili ya wagonjwa wengine. Akakubali. Walipokuwa wanamfunga mkono, Pascaline akasimama.

"Na mimi."

Nesi yule yule akatikisa kichwa. "Mama, mimi nasema jana..."

"Sikuzalaka." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. "Hata siku moja. Mutoto ule alikuwa wa dada yangu. Muchukue. Kuko batu mingi mule banatafuta pumzi."

Nesi alimtazama, akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Nesi akageukia ukuta, akafuta macho kwa mkono wa koti, ndipo akachukua sindano. Mashine ikavuta damu, ikachuja, ikamrudishia nyekundu mwilini. Mfuko ukaanza kujaa maji ya manjano, kama mafuta ya alizeti. Pascaline hakuyaondolea macho.

"Njo hii banakataa jana?" akaniuliza. "Njo hii tu?"

Tulimzika Néhémie Nakivale. Wahudumu wa afya, waliofunikwa kutoka kichwa hadi miguu, walishusha sanduku, sisi tukasimama mbali kama tulivyoamriwa. Mchungaji akaita mama wa marehemu aje atupe udongo wa kwanza. Pascaline hakuinuka pale alipokaa. Mchungaji akaita tena. Watu wakaanza kugeuka.

Nikamwinamia. "Mama Néhémie, unaitwa."

"Nilimukana, Cansilde," akasema. "Nilisema hapana wangu, na yeye alikuwa angali analala mu hospitali, hata hawajamufunika muzuri. Sasa nisimame kama nani?"

Nilimshika kwapa moja, Salvator akamshika la pili, tukamburuta mpaka kaburini huku anakataa kwa miguu. Nikamtia udongo kiganjani. Vidole vyake havikufunguka, ikabidi nivifungue mimi, kimoja kimoja.