Mgonjwa Anayeitikia Salama

Siku niliyopiga kelele wodini naikumbuka mpaka leo, hata ile leso ya samawati aliyojifunika mama bado naiona. Mtoto wangu Mbeyu alikuwa mgongoni, bado ananyonya. Nje jua la Malindi lilikuwa linayeyusha lami, lakini mkono wa mama nilipoushika ulikuwa baridi na umelowa jasho. Nikamwita mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa zamuni, nikamwambia naye aushike. Akaushika kidogo tu, akaniambia, "Ni feni hiyo, dada. Inampiga moja kwa moja."

"Feni gani?" nikafoka. "Hiyo feni iliyo juu ya kichwa chako haijazunguka tangu tuingie humu! Inua macho uitazame!"

Wodi nzima ikatugeukia. Kisha bibi wa kitanda cha pili akasema taratibu, "Kweli, mwanangu, hiyo ilikufa zamani," na Mbeyu akaangua kilio.

Dama, mdogo wangu, wakati huo ulikuwa bweni, tukakuficha usije ukavurugikiwa katika mitihani. Uliambiwa tu kwamba mama alipasuliwa tumbo akapona. Sasa unafunga sanduku uende chuo cha uuguzi, na mama mwenyewe hawezi kukusimulia, maana kwake yeye kila kitu kilikuwa salama. Basi nasimulia mimi. Nimeishia kidato cha nne, dawa sizijui, lakini nimekalia kiti cha jamaa wa mgonjwa, na kiti hicho nacho kina mafunzo yake.

Unamkumbuka mama wa utoto wetu kule Kakuyuni? Anakaa chini asubuhi ashone makuti, miguu ameinyoosha, mgongo haugusi ukuta, na mikono yake inakwenda mwendo mmoja mpaka jua lizame. Sisi tunamletea fito, tunagombana nani amekalia kuti la mwenziwe, yeye hata hageuki. Mara nyingi nayatamani masiku yale, harufu ya makuti mabichi na kimya cha mama. Kwa sababu hiyo nilijua mapema kwamba kuna jambo. Mama yangu hana mikono ya kuhangaika.

Utumbo wake ulikuwa umejisokota, akapelekwa upasuaji, akarudi vizuri. Siku iliyofuata akaanza kuivuta ile leso. Anajifunua, anajifunika, anajifunua tena. Anaomba maji, anaambiwa haruhusiwi bado, baada ya dakika anaomba tena kama hajaambiwa. Ule mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia kitandani nikauona hauongezeki, na kilichomo kimekuwa cheusi kama chai iliyokaa.

Yule mwanafunzi wa feni aliitwa Mutua. Kijana wa bara, mpole, na alikuwa ameambiwa watu wa Pwani wanapenda heshima, kwa hiyo alijitahidi sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Unaumwa popote?"

"Sijambo kabisa, baba. Na nyumbani kwenu wote wazima?"

"Wote wazima, mama." Akampima presha, akaandika, akaondoka anatabasamu.

Nikamgeukia mama. "Mbona humwambii ukweli? Tangu alfajiri umekuwa ukiugulia!"

"Nyamaza wewe," akanijibu kwa sauti ndogo. "Mtoto wa watu ana adabu, nimtupie matumbo yangu?"

Ndivyo tulivyolelewa, Dama. Huku kwetu hata mtu aliyefiwa alfajiri ukimsalimia ataitikia salama kwanza, mpaka salamu zikamilike, ndipo aseme yaliyomkuta. Mutua hakungoja zikamilike. Aliposikia salama alidhani amekwisha kujibiwa.

Na kuna leso. Mara mbili nilimwomba amtazame kidonda. Akasema ataita mwenzake wa kike, kwa kuwa mama ni mtu mzima na si vizuri yeye kumfunua. Mwenzake akaja, akapima presha, akaniambia, "Presha nzuri, dada, punguza wasiwasi." Mwingine naye alikuja kabla ya hapo, na kabla yake mwingine. Wote wanafunzi. Sista wa zamu ameitwa wodi nyingine, hakuna wa kuwasimamia. Kila mmoja alitazama namba yake, akaiona haijavuka mpaka, akaenda zake.

Basi ndipo likaja hilo la feni, na mimi nikapasuka.

Kelele zangu zilimleta Sista Zuhura, mkuu wa wodi, mwanamke wa mjini Malindi mwenye miwani na sauti ambayo haihitaji kupandishwa. Nilidhani atanitoa nje. Akanitazama, akasema, "Kelele zako nimezisikia tangu mlangoni, zimetosha. Sasa nipe habari. Jana alikuwaje?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nikamwambia jana alilala ametulia, mkono una joto, ananitania kuhusu Mbeyu. Leo anavuta leso. Nikamwambia habari ya makuti pia, nikidhani atanicheka. Hakucheka.

Akavuta pazia. "Niwie radhi, mama, nataka kukutazama," akasema, akangoja mpaka mama akaitikia kwa kichwa, ndipo akaifunua leso. Tumbo lilikuwa limejaa, limekaza kama ngoma. Akaingiza mkono chini ya ubavu wa mama, ukatoka na damu iliyochuruzika kutoka kidondani. Akaminya ukucha wa mama, akauachia, akautazama. Nami nikatazama. Weupe ulikaa pale, ukakaa, wekundu haurudi.

Akachukua ile karatasi ya vipimo, akasoma mapigo ya moyo kwa sauti, moja baada ya jingine tangu asubuhi. Kila moja lilikuwa juu ya lililotangulia. Kisha akamgeukia Mutua.

"Mwite daktari. Kimbia, mwanangu, usitembee."

Mama akarudishwa chumba cha upasuaji. Mshipa ulikuwa unavuja ndani. Daktari alisema baadaye kwamba tungechelewa zaidi kidogo, nisingekuwa na mama wa kumrudisha Kakuyuni. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikimnyonyesha Mbeyu, maziwa hayatoki, mtoto analia nami nalia.

Hapo ndipo Sista Zuhura alipomsimamisha Mutua mbele yangu. Hakumtukana. Alimwuliza, "Wewe ulimsalimia mgonjwa au ulimwangalia?"

Sista akanyoosha kidole chake, akamwonyesha ukucha.

"Mdomo wa mtu mzima una adabu, Mutua. Ukucha hauna. Mtu akivuja ndani, mwili hujikaza kwanza. Moyo hukimbia, ngozi hupoa, mkojo hupungua, mtu hakai akatulia. Presha ndiyo ya mwisho kuanguka. Wewe unaisubiri hiyo? Ikianguka unamkuta mgonjwa anakwenda."

"Niliona aibu kumfunua, Sista."

"Aibu hiyo ungemwambia nani kesho? Huyu hapa?" Akaninyooshea kidole mimi na Mbeyu.

Mutua alilia. Nami, kwa hasira niliyokuwa nayo, sikumhurumia siku ile. Leo namhurumia kidogo.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu. Salimia, usiache kusalimia, lakini salamu isiwe ndiyo uchunguzi wako. Ukishaitikiwa salama, vuta kiti, mshike mkono, uone una joto au hauna. Mwambie akuonyeshe panapouma, na umtazame uso wakati anageuka. Usiisome namba moja peke yake, iweke kando ya ile ya kabla yake uone inaelekea wapi. Leso ya mtu mzima ina heshima yake, basi omba ruhusa, ngoja, kisha uifunue. Jamaa akikwambia "huyu leo si yule wa jana", usimtibu yeye wasiwasi. Mwulize jana alikuwaje. Na jambo likikutatiza, usiende kunywa chai ukitumaini litakaa sawa. Ita mtu. Afadhali uitwe mwoga na wenzako kuliko umwite jamaa kama mimi ukumbini umpe pole.

Mama amekaa hapo barazani sasa ninapoandika, anashona makuti. Mbeyu, ambaye siku hizi anavaa sare ya shule, anamletea fito na kugombana na mdogo wake kama sisi. Mikono ya bibi yao inakwenda mwendo mmoja. Mungu akupe, Dama, mikono yenye joto na macho yasiyoona haya, na kila mama wa watu utakayemshika arudi kwao akakae namna hii.

Lililobaki ni hili. Mama alinikataza kulalamika. "Usimharibie mtoto wa watu masomo," alisema. Nilikwenda hata hivyo. Ofisini bwana mmoja aliniuliza, "Sasa unalalamika nini na mgonjwa amepona? Si ushukuru?" Nikaomba karatasi, nikaandika pale pale mbele yake, nikasimama mpaka akaipiga muhuri. Nakala ninayo. Niliandika hivi:

Kwa Mkuu wa Hospitali.

KUH: WANAFUNZI KUACHIWA WODI PEKE YAO

Mimi ni binti wa mgonjwa aliyepasuliwa tumbo katika wodi ya wanawake. Mama yangu alivuja damu mchana kweupe, huku anapimwa na wanafunzi wanaopokezana, bila muuguzi yeyote wa kuwaongoza. Nilisema, sikusikilizwa mpaka nilipopiga kelele. Wagonjwa wasio na mtu wa kuwapigia kelele nani anawasemea?

Siombi mwanafunzi yeyote afukuzwe. Naomba asiachwe peke yake. Naomba wanaopokezana zamu wasimame kitandani pamoja, walinganishe vipimo vya sasa na vya awali, na jamaa wa mgonjwa aulizwe.

Kumshukuru Sista mkuu wa wodi nimemshukuru mwenyewe, kwa mdomo wangu. Malalamiko haya hayamhusu yeye.

Na ile feni itengenezwe, asipatikane tena mtu wa kuisingizia.