Shimo la Takataka Kitaji

Mugeta, muuza nyavu na kamba wa Kitaji, alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipotaka kujiunga na Undugu wa Taa Tatu, na hakuweza kumweleza mtu kwa nini. Alijua tu kwamba Januari alikwenda Bunda kumzika muuza dawa za mifugo, akaona wanaume kumi na wanne wa Undugu huo, wenye aproni nyeupe, wamebeba jeneza kama wamebeba yai. Akarudi Musoma njia nzima akihesabu wa kumbeba yeye. Rika lake la Butiama lilikuwa limetawanyika, wengine Mwanza, wengine udongoni. Akafikisha wanne, mmoja mgonjwa wa mgongo.

Undugu ulikuwa na sharti lililomnyima raha: mke aridhie, kwa kinywa chake, mbele ya ndugu wawili watakaokuja nyumbani.

"Frimasoni," alisema mkewe, Dorotea, bila kuinua macho kwenye sato aliyekuwa akimparua magamba.

"Si Frimasoni, Mama Keraryo. Hawa ni wengine."

"Wana siri, hawana?"

"Wanazo."

"Na Mungu je?"

"Asiyemwamini hawampokei."

"Hata shetani anamwamini. Mnamtoa nani kafara?"

"Kumtoa vipi?"

"Usijifanye mgeni. Mimi au Keraryo? Niambie mapema nikamuage mama yangu Kisorya."

Mugeta akaapa kwamba hatolewi mtu. Wanavaa aproni, akasema, wanasoma maneno ya zamani, kisha wanakula wali. Kadiri alivyoeleza ndivyo naye alivyozidi kutoelewa.

"Aproni," alisema Dorotea. "Na hata uji hukorogagi."

Jumamosi saa nane mchana ndugu wakafika, wamevaa suti: Mniko, mwalimu mstaafu wa Bunda, na Wenceslaus, karani. Walikuwa na fomu yenye maswali tisa. Dorotea alikuwa na moja.

"Shemeji, una hofu gani?" Mniko alianza.

"Huyu akifa, nani anachimba?"

"Sisi, shemeji."

"Nyie wenyewe?"

"Kwa mikono yetu."

Dorotea akaitazama mikono ya Wenceslaus, mikono ya kugonga mihuri. Akatoka, akarudi na jembe, koleo na sururu.

"Nyuma ya jiko nimeomba shimo la takataka tangu Pasaka. Hebu nichimbieni, nione."

Fomu haikuwa na kipengele cha namna hiyo. Ndugu wakatazamana, wakavua makoti. Mugeta naye akashika sururu, asijue anayetahiniwa ni yeye au wao.

Kosa lilikuja taratibu. Mniko alikuwa amechimba makaburi mengi maishani, lakini shimo la takataka hajawahi hata moja. Mikono ikafuata ilichozoea. Kufika saa kumi na moja shimo lilikuwa refu, jembamba, kona zimenyooka, kina cha kifuani. Jirani yao, Jenoveva, akachungulia juu ya uzio, akaweka mikono kichwani.

"Uwii! Mama Keraryo, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Sasa hilo la nani?"

Mniko akaweka koleo chini. Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, wala halifukiwi hivi hivi. Litamtafuta wa kulijaza. Hukatwa mgomba ukazikwa badala ya mtu. Wote pale walilijua hilo tangu utotoni, na suti haimsahaulishi mtu kitu kama hicho. Dorotea alishika mdomo. Wiki tatu nzima ameogopa kwamba watu hawa watadai roho nyumbani kwake. Sasa kilichodai roho kilikuwa nyuma ya jiko lake, na aliyekiagiza ni yeye.

"Jenoveva," alisema kwa sauti ndogo, "nisaidie mgomba."

Mgomba ukakatwa upande wa pili wa uzio. Wenceslaus akafungua begi, akatoa aproni mbili, akampa Mniko moja. Mugeta, kwa kuwa hajapokewa bado, alipewa kanga ya mkewe. Wakauinua mabegani, Mniko mbele, Wenceslaus nyuma, yeye katikati, wakaenda hatua moja moja kuzunguka jiko. Mgomba ulikuwa na urefu wa Mugeta kabisa. Mugeta alishindwa kuamua kama yeye ni mfiwa au ndiye marehemu.

Dorotea akaongoza Baba Yetu. Alikuwa akisali macho wazi, anawaangalia. Hawakuutupa. Wenceslaus, suruali imejaa udongo, aliingia shimoni kuupokea kwa mikono miwili, akaulaza polepole, mwisho akaupangusa.

Walipomaliza kufukia, wakanawa, Dorotea akawapakulia ugali na sato. Kisha akavuta fomu.

"Wapi nasema nimeridhia?"

"Unasema tu, shemeji. Tunaandika sisi."

"Nimeridhia. Lakini shimo langu la takataka bado nalidai."

Mugeta akabaki na tonge mkononi. Wiki tatu alikuwa ameeleza kwa maneno mazuri, na hakuna hata moja lililokuwa na mgomba ndani yake.

"Mama Keraryo, umeridhia kwa sababu gani?"

"Walipoulaza, kichwa hawakukigongesha."

"Mgomba una kichwa?"

"Kula, Baba Keraryo."