Sauti Iliyopunguza Redio

Msusi wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, hubana kichana kwa meno na simu huiegemeza kwenye mkebe wa jeli. Akitaka kurekodia kundi la WhatsApp la wanawake wa mtaa ujumbe wa sauti, huigusa kwa kifundo cha kidole, hutoa kichana mdomoni, kisha husema polepole, kama anayebembeleza mtoto. Wiki ya uchaguzi Triza, msomaji habari wa redio, alikuwa akisukwa pale. Redio ya rafuni ikatoa sauti ya Triza mwenyewe, aliyoirekodi asubuhi, ikisema mwakilishi wadi wa sasa anaongoza kwa mbali katika kura za maoni. Msusi akaipunguza, akaigusa simu. "Wamama, maji yalipokatika, nani alipanga laini na mtungi wake pamoja na sisi?" Akanyamaza kidogo. "Basi. Jumanne kura ni ya mama huyo." Kichwa hakijafika nusu, ujumbe ule ulikuwa ukisikika kwa muuza mboga, buchani, hadi bombani, na kila simu ilinyamaza palepale msusi aliponyamaza. Triza akaitazama redio.

"Redio umezima, dada?"

"Sijazima. Nimepunguza tu, watu wasikie."

Alhamisi, akitangaza hewani ushindi wa mama wa mtungi, Triza alijikuta amenyamaza kidogo kabla ya kulitaja jina.